Mto unapopungua katikati ya mvua: jinsi hatari ya maporomoko kuziba mito ya milimani inavyopimwa

Mvua kubwa inaponyesha milimani, wakazi wa mabondeni hutarajia mto ujae. Yapo hata hivyo mazingira ambamo mto hufanya kinyume chake: maji yanapungua, mawe ya chini yanaonekana na mvumo wa mkondo unafifia, ilhali mvua bado inanyesha. Kwa asiyejua, hiyo ni nafuu. Kwa wataalamu wa miamba na maji, hiyo ni miongoni mwa dalili mbaya kuliko zote. Huenda maana yake ni kwamba sehemu ya mlima imeporomoka huko juu, imeziba mto, na nyuma ya kizuizi hicho maji yanajikusanya.

Kizuizi cha namna hiyo huitwa bwawa la maporomoko. Halikujengwa na mtu, halina msingi wala lango la kupunguzia maji, na hakuna anayejua uimara wake siku linapotokea. Baadhi ya mabwawa hayo yamedumu zaidi ya karne moja. Mengi huvunjika ndani ya siku chache, na yanapovunjika huachia kwa mkupuo mmoja maji ambayo mto ungeyapitisha kwa saa nyingi.

Suala hili linazihusu moja kwa moja nchi jirani za Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Rwanda, Burundi na Kenya, ambako mamilioni ya watu wanalima na kuishi kwenye miteremko mikali na kwenye mabonde membamba yaliyo chini yake. Swali ni je, inawezekana kujua mapema ni wapi mto unaweza kuzibwa, na ukizibwa, ni muda gani uliobaki kabla maji hayajavunja? Jibu ni kwamba inawezekana kwa kiasi kikubwa, na kwa vipimo visivyo vigumu. Lakini katika mito midogo ya milima yetu muda huo ni mfupi mno, kiasi kwamba kipimo kina manufaa tu kikifanywa kabla ya mvua na taarifa yake ikimfikia mtu anayeishi ukingoni.

Mlima unavyoziba mto

Ili bwawa la maporomoko litokee, mambo matatu hukutana: mteremko uliodhoofika, kichocheo cha kuuangusha, na bonde jembamba la kuupokea. Vichocheo vikubwa ni viwili, mvua na matetemeko ya ardhi. Wataalamu wa Marekani John Costa na Robert Schuster, walipokusanya kumbukumbu za matukio ya aina hii kutoka sehemu mbalimbali za dunia mwaka 1988, waliona kwamba takriban asilimia 90 yalisababishwa na kimojawapo kati ya hivyo, wakihesabu kuyeyuka kwa theluji pamoja na mvua.

Si kila poromoko linaloingia mtoni huziba mto. Udongo ulioloa sana mara nyingi hauishii mahali ulipoangukia. Hugeuka tope zito linalofuata mkondo, likibeba mawe na magogo, na kuteremka hadi bondeni. Poromoko kavu zaidi, lenye mawe makubwa na linaloingia mtoni kwa kukingama, ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kujilundika na kuwa ukuta. Kwa hiyo anayepima hatari hutafuta mambo mawili kwa pamoja: kama mlima utaanguka, na kama ukianguka utabaki mahali ulipoangukia.

Yaliyotokea kwa majirani

Mlima Elgon, unaopakana na Kenya na Uganda, ni volkano ya zamani iliyokwisha kuzimika. Miamba yake imeoza kwa karne nyingi na kuacha udongo mzito wa mfinyanzi unaonyonya maji mengi. Tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Nametsi katika wilaya ya Bududa, Uganda, uliporomoka na kufukia makazi na soko. Watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 300 walipoteza maisha. Mnamo Oktoba 2018, katika eneo la Bukalasi la wilaya hiyo hiyo, udongo na mawe kutoka juu viliingia katika mto Suume na kuteremka nao hadi kwenye makazi ya chini. Zaidi ya watu 40 walifariki dunia, baadhi yao wakiwa mbali na mteremko wenyewe ulioanguka. Tukio hilo lilionesha kwamba katika milima hii mto ndio barabara ya maafa: anayeishi kwenye ardhi tambarare kando ya maji anaweza kuuawa na mlima asiouona.

Katika milima ya Rwenzori, mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na kuleta mawe makubwa hadi Kilembe na Kasese, ukiharibu nyumba, madaraja na hospitali. Watafiti waliochunguza tukio hilo walieleza kwamba mvua pekee haikutosha kulieleza. Maporomoko ya udongo katika bonde la juu yaliujaza mkondo mawe na tope, na moto uliounguza uoto wa milimani mwaka 2012 ulikuwa umeiacha miteremko bila kinga.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha katika eneo la Kalehe, jimbo la Kivu Kusini, magharibi mwa Ziwa Kivu. Vijito vinavyoshuka kutoka milimani vilibeba tope na mawe na kuvifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walithibitishwa kufa na wengi zaidi hawakuonekana tena. Siku moja tu kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, mengi ya madhara yakiwa magharibi na kaskazini mwa nchi hiyo.

Kenya nayo ilipata tukio linalofafanua vyema hatari ya kuzibwa kwa mkondo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliwasomba watu wa Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru, na kuua zaidi ya 50. Taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye mamlaka zilieleza kwamba njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na magogo. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta hadi yakalivunja. Hapo mlima haukuziba mto. Tuta lililojengwa na watu, likisaidiwa na uchafu ulioletwa na mafuriko, lilifanya kazi ile ile ambayo poromoko lingefanya.

Si matukio yote haya yaliyokuwa mabwawa ya maporomoko kwa maana kamili. Mengi yalikuwa mtiririko wa tope na mawe, kama ule ulioshuka kutoka Mlima Hanang hapa Tanzania tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Yote, hata hivyo, yanaonesha kwamba mteremko uliodhoofika na mkondo mwembamba vipo katika milima hii, na ndivyo vinavyohitajika ili mto uzibwe.

Kipimo cha kwanza: ukubwa wa poromoko na upana wa bonde

Njia iliyozoeleka ya kukadiria kama poromoko litaziba mto ni kulinganisha vitu viwili: ujazo wa udongo na mawe yanayoweza kuanguka, na upana wa sakafu ya bonde pale yatakapofikia. Poromoko dogo katika bonde pana litaingia mtoni, litaubana kidogo, na maji yatalizunguka. Poromoko hilo hilo katika korongo jembamba linaweza kugusa ukingo wa pili na kuufunga mto wote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence nchini Italia walikusanya kumbukumbu za matukio takriban 300 nchini mwao, na kutokana nazo wakapata mipaka ya kukadiria. Huchukuliwa ujazo wa poromoko kwa mita za ujazo, ukagawanywa kwa upana wa bonde kwa mita. Jibu likiwa chini ya 1,000, mto kwa kawaida haukuzibwa. Likizidi takriban 40,000, mto kwa kawaida ulizibwa. Kati ya mipaka hiyo kuna eneo la mashaka, ambapo matokeo hutegemea hali ya udongo, kasi ya poromoko na pembe liliyoingilia mtoni.

Kipimo hiki kinaeleza mengi kikipelekwa Elgon. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu eneo la Manjiya, ambalo leo ni wilaya ya Bududa, ulihesabu maporomoko 98 ya miaka ya karibuni yaliyohamisha jumla ya takriban mita za ujazo milioni 11. Kwa wastani kila moja lilikuwa na mita za ujazo zipatazo 112,000. Wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwa kuwa machache yalikuwa makubwa sana na mengi yalikuwa madogo, lakini unatosha kwa mfano. Katika bonde lenye upana wa mita 20, poromoko la wastani linatoa jibu la 5,600, yaani katikati ya eneo la mashaka. Katika bonde la mita 100, jibu ni 1,120, juu kidogo tu ya mpaka wa usalama. Katika bonde la mita 300, jibu linashuka chini ya 400, na mto hautarajiwi kuzibwa.

Maana ya hesabu hiyo ni kwamba mlima ule ule, kwa poromoko lile lile, unaweza kuwa salama kwa kijiji kimoja na hatari kwa kingine kilicho kilomita chache juu zaidi, kwa sababu tu bonde limebadilika upana. Inaonesha pia kwamba maporomoko ya kawaida ya Elgon, katika vijito vyembamba vya juu, si ya kupuuzwa wala si ya kutabirika kwa hakika.

Ni muhimu kukumbuka kwamba mipaka hii ilitokana na milima ya Italia. Udongo wa mfinyanzi wa volkano katika mvua za kitropiki una tabia zake, na huelekea zaidi kutiririka kuliko kujilundika. Mipaka hiyo inafaa kama mwongozo wa kuanzia. Hesabu sahihi zaidi zinahitaji kumbukumbu za milima yenyewe, zikihusisha pia maporomoko ambayo yaliingia mtoni bila kuuziba.

Kipimo cha pili: je, bwawa litasimama?

Mto ukishazibwa, swali hubadilika. Hapo kinachopimwa ni nguvu ya kizuizi dhidi ya nguvu ya mto. Bwawa kubwa lenye mawe mengi, lililokalia kijito kinachokusanya maji kutoka eneo dogo, lina nafasi nzuri ya kudumu. Bwawa dogo la udongo laini, lililokalia mto unaokusanya maji ya bonde kubwa lenye mteremko mkali, halitachukua muda. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha ujazo wa bwawa na ukubwa wa eneo linalokusanyia mto maji, wakizingatia pia mteremko wa mto mahali hapo.

Mabwawa mengi ya aina hii hufa kwa njia moja. Maji hupanda hadi kilele, huanza kumwagika juu ya sehemu iliyo chini zaidi, na mfereji mdogo unaochimbwa na maji hupanuka kwa kasi hadi ukuta mzima unakatika. Mengine huvuja kwa ndani, maji yakipenya katikati ya mawe na kuondoa udongo kidogo kidogo hadi kizuizi kinaporomoka.

Costa na Schuster walipochunguza mabwawa 73 ya maporomoko yaliyovunjika, waliona kwamba asilimia 27 yalivunjika kabla ya siku moja kuisha, asilimia 41 ndani ya wiki moja, nusu ndani ya siku 10, na asilimia 85 ndani ya mwaka. Takwimu hizo zina mafunzo mawili. Kwanza, zaidi ya robo hayampi mtu hata siku moja ya kujipanga. Pili, bwawa lililosimama mwezi mzima bado halijathibitisha usalama wake.

Kuna yanayosimama. Katika milima ya Pamir, nchini Tajikistan, tetemeko la mwaka 1911 liliangusha mlima na kuunda bwawa la Usoi, lenye kimo cha zaidi ya mita 500. Hadi leo linazuia Ziwa Sarez, na uimara wake unafuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya watu wanaoishi chini yake. Nchini Pakistan, poromoko la Attabad la Januari 2010 liliziba mto Hunza na kuunda ziwa refu lililofunika vijiji na sehemu ya barabara kuu iendayo China. Wahandisi walichimba njia ya kupunguzia maji, bwawa halikukatika kwa ghafla, na ziwa hilo lipo hadi sasa.

Saa zilizobaki

Kipimo cha tatu ndicho chenye uzito mkubwa kwa mwananchi: ziwa litajaa lini? Hesabu yake ni nyepesi. Nafasi iliyopo nyuma ya bwawa hugawanywa kwa kiasi cha maji yanayoingia kila sekunde.

Tarehe 2 Agosti 2014, mlima uliporomoka katika eneo la Jure nchini Nepal na kuziba mto Sunkoshi. Watu 156 walikufa katika poromoko lenyewe. Maji yalikuwa yakiingia kwa takriban mita za ujazo 160 kwa sekunde, na ziwa lenye ujazo wa mita za ujazo zipatazo milioni 7 lilijaa kwa muda wa saa 13 hivi. Jeshi la nchi hiyo lilitumia baruti kufungua njia ndogo ya maji, hatari ikapungua, na watu wa chini wakahamishwa. Bwawa lilikuja kuvunjika mwezi uliofuata, tarehe 7 Septemba.

Mto Sunkoshi ni mkubwa. Katika kijito cha Elgon au cha Kivu, ukubwa wa kila kitu hupungua, pamoja na muda. Ikichukuliwa kwa mfano nafasi ya mita za ujazo 200,000 nyuma ya kizuizi, na maji ya mvua yanayoingia kwa mita za ujazo 10 kila sekunde, ziwa hilo litajaa kwa saa tano na nusu. Mvua ikianza jioni na mlima ukianguka saa tano usiku, maji yatakuwa yamefika kileleni kabla ya mapambazuko. Hakuna mhandisi wala chombo cha kuchimba kitakachofika kwa wakati. Katika mito ya aina hiyo kinga iliyopo ni watu kuondoka, na wataondoka tu kama walijua mapema waondoke kwa dalili ipi na waelekee wapi.

Ramani kabla ya mvua

Ndiyo sababu kazi muhimu zaidi hufanyika wakati wa kiangazi. Badala ya kungoja poromoko na kulipima, wataalamu wanaweza kuigeuza hesabu. Huchukua kila sehemu ya mto, wakapima upana wa bonde, kisha wakauliza: hapa linahitajika poromoko la ukubwa gani ili mto uzibwe? Pale ambapo bonde lina upana wa mita 10, poromoko la mita za ujazo 10,000 tayari linaingia katika eneo la mashaka, na la 400,000 linaufunga mto kwa takriban hakika. Majibu hayo huwekwa juu ya ramani ya miteremko dhaifu: yenye nyufa, yenye chemchemi mpya, iliyokatwa kwa ajili ya barabara au nyumba, iliyopoteza miti, au iliyokwisha kuanguka zamani. Sehemu ambazo mteremko unaweza kutoa poromoko la ukubwa unaohitajika ndizo za kulindwa kwanza.

Msingi wa kazi hiyo umeanza kuwekwa. Katika eneo la bonde la ufa kati ya Ziwa Kivu na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, watafiti wa Ubelgiji wakishirikiana na wenzao wa nchi za eneo hili wamechora ramani ya maelfu ya maporomoko, mapya na ya kale. Sehemu moja inayostahili kutazamwa kwa uangalifu ni korongo la mto Ruzizi kusini mwa mji wa Bukavu. Mto huo hutoka Ziwa Kivu, huwa mpaka kati ya Congo na Rwanda, kisha kati ya Congo na Burundi, na huishia katika Ziwa Tanganyika. Korongo lake ni jembamba, miteremko yake ni mikali, na ndani yake kuna vituo vya kuzalisha umeme vinavyotumiwa na nchi zaidi ya moja. Kuzibwa kwa mto wa namna hiyo, hata kwa siku chache, kungekuwa jambo la nchi tatu kwa wakati mmoja, na tahadhari yake ingehitaji kuvuka mipaka haraka kuliko maji.

Hali kama hiyo ipo upande wa Elgon, ambako mto Lwakhakha unatenganisha Uganda na Kenya. Mteremko unaoanguka upande mmoja hauwaulizi uraia wanaoishi upande wa pili.

Ramani hizo zinapaswa kuhusisha pia kazi za mikono ya watu. Kama tukio la Mai Mahiu lilivyoonesha, kalavati dogo chini ya tuta refu ni bonde jembamba kuliko yote. Ukaguzi na usafishaji wa makalavati na madaraja ya milimani kabla ya masika ni kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na hasara inayoepukwa.

Habari iliyotangulia maji

Mfano wa kale na ulio wazi zaidi wa kipimo kilichookoa watu unatoka katika milima ya Himalaya nchini India. Mnamo Septemba 1893, mlima uliporomoka karibu na kijiji cha Gohna, Garhwal, ukaziba mto Birehi Ganga kwa kizuizi chenye kimo cha zaidi ya mita 250. Wahandisi walipima bwawa, wakapima bonde, wakakadiria maji yanayoingia, na wakatabiri kwamba ziwa lingejaa na kumwagika katikati ya Agosti 1894. Ulitandikwa waya wa telegrafu kutoka ziwani hadi mji wa Haridwar ulioko mbali chini. Afisa aliwekwa kileleni kufuatilia maji. Madaraja yaliyoweza kuondolewa yaliondolewa, na watu wa kando ya mto wakahamishiwa juu.

Maji yalimwagika juu ya bwawa tarehe 25 Agosti 1894, siku chache tu baada ya muda uliotabiriwa, na usiku wa siku hiyo sehemu kubwa ya kizuizi ilikatika. Mji wa Srinagar wa Garhwal uliharibiwa vibaya. Waliokufa walikuwa watano: mtawa mmoja na jamaa zake, ambao walikuwa wamehamishwa kisha wakarejea.

Zaidi ya karne moja baadaye, baada ya tetemeko kubwa la Sichuan nchini China la Mei 2008, njia ile ile ilitumika kwa zana za kisasa. Bwawa la Tangjiashan lilitishia mji wa Mianyang. Wanajeshi walichimba mfereji wa kupunguzia maji, zaidi ya watu 200,000 wakahamishwa, na maji yalipotoka kwa nguvu tarehe 10 Juni hakuna aliyekufa kwa mafuriko hayo.

Matukio hayo mawili yanafanana kwa jambo moja. Hesabu zilikuwa nzuri, lakini kilichookoa watu ni kwamba kila nyumba iliyo njiani ilipata habari na ikatii. Vifo vya Gohna navyo vinafundisha kwamba kurejea mapema ni hatari sawa na kutoondoka.

Macho ya karibu

Picha za setilaiti zinasaidia, hasa zile za rada zinazopenya mawingu. Lakini setilaiti hupita juu ya eneo kwa vipindi vya siku, na kijito kinaweza kujaa kwa saa chache. Katika milima ya Afrika Mashariki na Kati, chombo chenye kasi zaidi bado ni mkazi wa eneo mwenye simu. Katika wilaya za Rwenzori, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal, pamoja na washirika wao wa Ubelgiji, wamewafunza wakazi kurekodi maporomoko, mafuriko na maafa mengine kwa simu, pamoja na mahali na wakati yalipotokea. Kumbukumbu za namna hiyo zina faida mbili: zinajenga takwimu za milima ya hapa, na zinamwacha katika kila eneo mtu anayejua cha kutazama.

Cha kutazama si kigumu. Nyufa mpya zilizopinda kama mwezi juu ya mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, milango ya nyumba isiyofunga kama zamani, na chemchemi zinazotokea au kukauka ghafla ni dalili kwamba mteremko unasogea. Maji ya mto yanayogeuka kuwa mazito na yenye magogo mabichi ni dalili kwamba udongo umeingia mtoni. Na mto unaopungua ilhali mvua inanyesha ni dalili kwamba umezibwa.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu mto mdogo huvuta watu. Huonekana kuwa fursa ya kuvuka, kuokoa vitu vilivyoachwa, kuokota kuni au kutazama kilichotokea. Mwongozo unaokubalika kwa wataalamu ni kuondoka ukingoni mara moja, kupanda sehemu ya juu iliyo mbali na mteremko ulioanza kusogea, kuwapa habari wanaoishi chini zaidi, na kutorejea hadi mtu aliyeona bwawa kwa macho athibitishe kwamba maji yametoka.

Mvua za masika na za vuli zitarudi katika miteremko ya Elgon, Rwenzori na Kivu, na baadhi ya miteremko hiyo itaanguka. Mabonde yaliyo membamba tayari yanajulikana kwa wanaoishi humo, na upana wake unaweza kupimwa kwa kamba siku yoyote ya jua.